Jibu kwa Mthamini

Unainama, unapitisha kidole penye bonde la mlango wa kushoto,
unaandika tarakimu, unaifuta, unaandika ndogo zaidi.
Kisha unaniuliza, kwa upole wa mtu aliyekuja kuhani:
gari kama hili, mama, mlilishindanisha kwa nini?

Kaa. Ming'oko iko motoni, na mvua hii haikuruhusu kuondoka.

Liliingia Lindi kwa meli, mwaka wa sabini na mbili,
Datsun ya milango miwili, manjano,
manjano ile ya salfa tunayopuliza mikoroshoni mwezi wa sita
ikabaki kwenye kope mpaka Ijumaa.
Mwenyewe, Bwana Walji wa mkonge, alihama usiku,
akamwachia baba ufunguo badala ya mshahara wa miezi saba.
Mama aliuliza swali moja tu: tutakula usukani?

Likakaa ghalani, hapa hapa Nachingwea, chini ya magunia.
Kuku walitaga kwenye kiti cha abiria.
Wakaja watu wa Dar, viatu vyao havijui vumbi,
wakataja bei, nasi tukanyamaza:
ilikuwa nyumba ya bati, kisima, mikorosho ekari kumi,
na chenji ya kumpeleka bibi Maka.
Baba akasema, nitafikiri.
Akafikiri chini ya boneti mwaka mzima, tukimwona miguu tu.
Gasketi ya kabureta nilikata mimi
kwa jalada la daftari langu la Jiografia.

Usidhani hatukuogopa.
Watu wa bima walicheka mpaka wakaomba maji.
Mama alihamia kwa dada yake siku tatu.

Uwanja wa ndege wa zamani, basi, asubuhi,
magari sita, yote makongwe kuliko madereva,
isipokuwa letu: baba alikuwa na sitini na tisa
na koti alilofungia ndoa.
Bendera ikashuka.
Gia ya kwanza, kikohozi. Ya pili, kelele.
Ya tatu…
sijui nikueleze vipi ya tatu.
Umewahi kumsikia bubu akitaja jina lako?

Kwenye kona kulikuwa na mchanga, na pipa la lami.
Mlango ulilia kama sufuria iangukayo usiku,
na mimi, nakuapia, nilizisikia ekari zikiondoka,
mkorosho mmoja mmoja, ukifuatwa na kisima.
Nikamgeukia baba.
Alikuwa anacheka, kinywa wazi,
ndipo nikajua, nikiwa na miaka thelathini na moja,
kwamba gego lake la mwisho lilikuwa la dhahabu.

Tukawa wa nne. Zawadi: dumu la oili.
Yule wa Porsche, aliyekuja na mwavuli na fundi wake,
alipinduka mara mbili. Mtulinga ulivunjika.
Alikaa kwenye majani akilia, na si kwa ajili ya mfupa.
Baba alimpelekea maji, akakaa naye,
wakatazama moshi bila kuambiana pole.

Sikudanganyi, zipo usiku ambazo nyumba ikivuja
nalihesabu lile pipa.
Figo zilipomchukua baba, hela ya dawa ilikuwa
imeegeshwa hapa, inang'aa, na bonde ubavuni.
Wapo ndugu ambao hawajanisamehe.

Lakini wewe umepita Masasi, umeona maghala.
Korosho ikiwa ndani ya ganda ina stakabadhi, ina daraja, ina mnada,
na hakuna aliyewahi kuijua ladha yake.
Mpaka moto. Na mafuta yake huchubua vidole,
na nyingine huungua zikawa makaa, unatupa.

Haya, andika bei yako. Sitabishana.
Bonde la mlango usiandike kwamba litanyooshwa.
Na kabla hujatia sahihi, funga mkanda huo, vuta kwa nguvu, huwa unakwama.
Mvua imepungua.
Betri nilichaji jana.